Ukanda Alioukata Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni, na hakuna jambo duniani asilolijua. Mwulize homa, atakwambia. Mwulize ndoa, atakwambia, na mwanangu ndiye anayeivumilia. Basi mjukuu wangu alipopata nafasi ya kazi hapa Shela, ya kuwashusha wageni wa kike chini ya maji, nani akajifanya mwalimu? Yeye, ambaye maji yakimfika magotini huanza kusoma dua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujaribiwa kwanza. Kesho yake ashuke, aonekane, ama apewe yeye ama apewe mwingine. Na mtoto aliitaka mpaka chakula hakimshuki.

Wazamiaji wenye kazi walimpa jaketi la kujazwa hewa. Mtoto mwembamba kama ufito, jaketi likampanda masikioni, ukamwona kama kuku anayetamia. Akachagua bamba. Ni chuma cha kukaa mgongoni, kina matundu, na ukanda mmoja mrefu hupita humo ukazunguka mabega na kiuno. Mtungi wa hewa hufungwa nyuma. Palikuwa na bamba jepesi, akalikataa. Hili zito, akasema, litampunguzia vipande vya risasi vya kubeba ili azame. Kuna na ukanda mwingine wapita katikati ya miguu. Huo nilipoonyeshwa nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwuliza, na soji za mchanga, kama za punda, atatundika wapi?

Kujipima pwani mbele ya wanaume hakutaka, akaja nalo nyumbani, akalivaa juu ya dera, mimi nikivuta huku na huku. Kiganja changu kipite chini ya ukanda wa begani, na mkono wake ufike nyuma kwenye koki ya mtungi. Ukabaki mkia mrefu wa ukanda kiunoni. Akaniambia usiguswe, kesho atavaa nguo nene ya mpira. Akalivua, akenda kusali alasiri.

Mkwe wangu akaingia, akauona ule mkia. Kwao fundi akiacha kamba yaning'inia, wenziwe humcheka mwezi mzima. Nikamwambia auache, mwenyewe ameusia.

"Mama, kamba ni kamba," akanijibu.

Akaukata pale pale kifungo kilipoacha alama, ncha akaichoma kwa kiberiti, akajisimamia akiutazama kama aliyeshusha jahazi majini.

Asubuhi tukamfuata kwa wazamiaji, nguo ya mpira ikavaliwa, ukanda ukavutwa. Haukufika. Ncha na kifungo vikatazamana kama mtu na mtalaka wake. Bwana mwenye kazi ya kuzamisha akasema basi, aje siku nyingine, na msichana mwingine keshasimama pale tayari. Mkwe wangu akatoa shauri: mtoto azuie pumzi, tumbo liingie ndani. Mtu anakwenda chini ya bahari, azuie pumzi!

Mjukuu wangu akampa babake mgongo. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akaivua ile nguo nene, akatoka na suruali na kanzu yake nyembamba ya kuogelea. Ukanda ukafunga.

"Utaona baridi," Bwana yule akamwambia.

"Nitaionea kazini," akasema, akashuka.

Alipopanda midomo ilikuwa ya samawati na meno yakigongana, hata kunambia kazi ameipata hakuweza. Aliitikia kwa kichwa tu, nami nikamfunika leso zangu zote mbili.

Na mkwe wangu? Yuko barazani sasa hivi, awaeleza watu kwamba lau si yeye kuukata ule ukanda, mtoto angenaswa na matumbawe.