Hodi kwa Punda wa Efrazia

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, bwana mifugo wetu wa Basotu hakumpima punda mimba bila kupiga hodi. Alikuwa anavua saa, anamkabidhi mwenye punda, anapaka sabuni mkono mpaka begani, ndipo anamwambia mnyama kwa upole, "Hodi, mama." Sisi tulicheka kila mara, yeye hakucheka. "Hata kitoto tumboni hupiga hodi," alitueleza. "Farasi au punda, ni vilevile. Siku za mwanzo kinazunguka mfuko wa uzazi wote, kona hadi kona, kumjulisha mama kwamba kimeingia. Mama asipopata habari, homoni zake zinageuka, anatafuta dume tena."

Mwaka ule Efrazia, jirani yangu, aliharibikiwa na mimba, na kwa mila akatengwa. Hakuna aliyeingia kwake wala kupokezana naye kitu. Lakini punda wake alikuwa amepandwa mwezi mmoja nyuma, na bwana mifugo akaja. Nilisimama na ndoo yangu nje ya ua, nikamsikia akipiga hodi. Akavua saa, akamnyooshea. Efrazia akarudi nyuma.

"Weka chini. Sijamaliza siku zangu za kutengwa."

Mkono haukushuka.

"Kwani wangu alipiga hodi," Efrazia akauliza, "mimi sikumsikia?"

"Si kosa lako, mama. Nishikie saa."

Akaipokea kwa mikono miwili. Punda alikuwa na mimba. Na bwana mifugo, ambaye hakuwahi kusahau saa yake popote, siku hiyo aliisahau. Kesho yake ikabidi arudi kupiga hodi.