Msasa kwenye Shavu la Perpétue

Callixte alipaka kuta za watu Bukavu miaka thelathini, na fahari yake ilikuwa moja: upitishe mkono ukutani usikute njia ya brashi. Ndiyo maana siku ile, katika nyumba yao ya kupanga pale Crystal, mji wa ughaibuni walikohamia, alisimama mbele ya picha ya marehemu mkewe Perpétue akakosa pa kuanzia.

Aliyeichora ni binti yake Goretti, anayesomea uchoraji chuoni. Perpétue alifia katika kambi ya wakimbizi, na picha zake zote ziliungua pamoja na kibanda chao. Jumapili ni misa ya kumbukumbu. Kanisa zima litautazama uso huu, maana mwingine haupo.

"Goretti, mama yako alikuwa na uso wa kijani lini?"

"Papa, kijani ni ule uchovu wake."

"Uchovu una rangi? Na mstari huu mweusi umemzunguka kama ukingo wa chungu? Tazama meza iliyo mbele yake ilivyoinama, chai itamwagika!"

"Ni mtindo, Papa. Wa wachoraji fulani wa zamani kule Ufaransa. Waliowatangulia walifuata mwanga tu, unavyoangukia vitu. Hawa wakaona haitoshi, wakapaka rangi ya moyo, si ya macho. Tena nene, brashi ionekane ilikopita."

"Brashi ionekane! Bukavu ungefukuzwa kazi."

Goretti akacheka, akachukua ufunguo wa gari, akaenda kazini Coon Rapids, mji wa jirani.

Mzee akapitisha kidole: matuta, kama shamba la viazi. Watu watasema binti hakumaliza. Au watasema baba mtu, fundi mzima, aliiachaje hivi? Akatoa msasa kwenye koti lake kuukuu, maana fundi hatembei bila msasa hata akistaafu, akasugua shavu la kushoto. Taratibu, kwa upendo. Likalainika kabisa.

Akarudi nyuma hadi mlangoni kutazama kazi yake. Shavu la kulia, lile la matuta, lilikuwa Perpétue anayekaribia kumgombeza mtu. La kushoto lilikuwa ukuta.

Akaisogelea picha: kijani tupu. Akarudi mlangoni: mke wake. Akaenda, akarudi, mara ngapi hata hakuhesabu. Hakuelewa.

Goretti aliporudi alimkuta na msasa mkononi.

"Papa! Umefanya nini?"

"Nimemlainisha." Machozi yalimlengalenga. "Rudisha matuta, mwanangu. Sijui kwa nini, ila yarudishe."

Goretti akalitazama shavu, akamtazama baba yake, akaichukua ile rangi ya kijani.

"Simama mlangoni," akasema. "Uniambie akirudi."