Kibla ya Bombei

Kwetu Tanga hakuna aliyesema kaskazini. Tulisema upande wa kibla: choo kiko kusini, mlango wa uani uko kibla, na ole wako unyooshe miguu huko ukiwa umelala. Bibi yangu aliishi hivyo maisha yake yote.

Basi ikaja barua ya mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, aliyekuwa baharia na meli yao imekaa matengenezoni Bombei. Niliisoma mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa shule. Aliomba radhi ya mama aposewe binti wa Tongoni. Halafu, kwa kujisifu tu, akaongeza kwamba huko wanaswali wakielekea jua linakotua.

Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Mwanangu anaabudu jua," alisema, akajifunika kanga usoni. "Sina radhi ya kumpa. Usijibu."

Wiki nzima barua ilikaa chini ya mkeka, na nyumba ikanuna. Mimi nilikasirika. Nilimpenda mjomba, tena nilikuwa nimekwisha kujiona kwenye ile harusi, na kichwani nilikuwa na jiografia ya kutosha kumsumbua mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi nikafagia ua, nikaipanga dunia. Ungo ukawa Afrika, na punje ya hindi pembeni mwake, mashariki, ikawa Tanga. Kibla ya punje nikaweka kikombe cha kahawa: Makka. Mchanga mtupu wa mashariki ukawa Bahari ya Hindi, na ng'ambo yake, juu kidogo, sahani ya Bombei. Ulaya ilikuwa kata ya maji, nyuma ya kikombe. Australia, kifuu, ikaenda mbali kusini mashariki. Amerika, gunia kuukuu, niliiweka magharibi kupita bahari nyingine, karibu na banda, kuku wakaikalia.

"Bibi, simama Tanga. Tazama kikombe."

"Kibla," alisema, kama anayeulizwa jina lake.

"Sasa nenda Bombei."

Alivuka bahari polepole, ameshika kanga isiguse maji. Akasimama kwenye sahani, akakitafuta kikombe. Kilikuwa upande wa banda la kuku, upande wa machweo. "Kikombe ni kile kile," alisema.

Kisha, bila kuambiwa, akazunguka mpaka nyuma ya kikombe, kwenye kata.

"Na huku wako Waislamu?"

"Wako, bibi. Waturuki."

Akageuka kukielekea kikombe, na macho yake yakapita juu yake yakafika kwenye punje ya hindi. Akacheka hata akakaa chini.

"Kumbe kuna watu kila siku wanaswali wakitutazama sisi, nami sijui."

Nilifurahi hata nikairusha Australia kwa teke.

"Lete kalamu," alisema. "Mwambie radhi ninayo, Tongoni nakwenda mwenyewe. Na mwambie kila swala tunaonana kwenye kikombe."

Niliandika hivyo hivyo. Mjomba hakuelewa ni kikombe gani, mpaka siku aliyoshuka melini, mama yake akamtilia kahawa ndani yake, akamwambia, "Ndiyo Makka hii."