Kibuyu Kilichowekwa Chini

Nakumbuka siku moja hapa Issenye, mwanangu, mvua ya kupandia imeshafunga upande wa Mbalibali na sisi wanawake tumebeba mbegu za wimbi kwenye ungo. Nilikuwa mke mpya, bado naona haya hata kula mbele ya watu. Mbele yetu alitembea mama mkwe wangu na kibuyu chake cha maziwa.

Yeye ndiye aliyetutangulia kwenye chemchemi kila msimu. Wazee waliiita erisambwa, yaani mahali penye wenyewe wasioonekana. Hukati mti pale, wala hupazi sauti. Alisuka majani mabichi yakawa pete, akaiweka juu ya maji. Kawaida angemwaga maziwa katikati ya pete, kisha anyunyizie mbegu zetu, ndipo tupande. Nilivipenda mno vile vidole vyake.

Siku ile aliinua kibuyu, mkono ukasimama. Akakiweka chini.

"Siwezi kumwaga," alisema. "Nimemnunia Boke."

Boke alikuwa mke mwenzake, naye alibaki nyumbani akisingizia mgongo. Kumbe waligombana juu ya jembe: Boke aliliazima, akarudisha mpini peke yake na chuma peke yake. Sisi hatukuwa na habari. Moyo wa mtu ni msitu. Angemwaga tu, nani angejua? Wenzangu walinung'unika kwamba mvua ikitangulia baraka, msimu umeharibika, na wimbi ndilo chakula chetu. Mmoja akamsihi amalize kwanza, wapatane jioni. Alimjibu kwamba lila na fila havitangamani, akapanda kilima kumfuata Boke nyumbani, akihema.

Tulikaa tukitazama wingu likija. Niliogopa, sikufichi.

Waliporudi walikuwa wawili, Boke mbele, mgongo umeshapona. Wagombanao ndio wapatanao. Wakanywa kutoka kibuyu kimoja mbele yetu, kisha mama mkwe akampa Boke kibuyu.

"Mwaga wewe," alimwambia.

Heshima yake ya miaka yote, akaitoa hivyohivyo. Mvua ilitukuta njiani, tukapanda na matope miguuni, tunacheka. Mavuno ya mwaka ule nimeyasahau. Ule mkono uliosimama bado nauona.

Siku hizi, mwanangu, una bomba mlangoni na bustani ya sukuma wiki. Mimi mwenyewe Jumapili nipo kanisani, na pete ya majani bado nasuka. Wewe sikulazimishi kusuka. Ila kabla hujaweka mbegu ardhini, uulize mkono wako umemnunia nani. Akiwepo mtu, mfuate kwanza, hata wingu likiwa linakuja, hata kama hakuna anayejua.

Maji yako yasikauke. Mbegu yako iote. Na siku utakayonuniwa wewe, Mungu akupe mtu wa kukupandia kilima.