Gauni la Mfano

Nashona nguo za kike kwenye kibaraza kimoja pale Nguvumali, na kwa muda mrefu nilizishona bila kumpima mtu. Nilikuwa naona haya kumzungushia mwanamke futi kiunoni. Tena naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na kumwacha mteja amesimama mikono juu huku mimi nachora tarakimu moja moja kulinitoa jasho.

Kwa hiyo nilimwambia kila aliyekuja, "Niletee gauni moja linalokukaa vizuri." Hilo nililiita gauni la mfano. Nalilaza mezani juu ya kitambaa kipya, napitisha chaki pembeni, nakata. Wengine waliniachia moja kwa moja. Nikapigilia misumari ukutani, kila msumari na gauni la mtu wake. Nilijua nani bega lake la kulia limeshuka kwa kubeba mkoba, nani anataka mfuko wa kufichia simu. Wanawake wakaambiana, "Nenda kwa yule kijana asiyegusa mtu." Hivyo ndivyo wateja walivyoongezeka, mpaka dada mmoja wa ofisi za kule mbali Raskazone akawa anakuja na bajaji.

Wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja wa Mabawa, muuza mbaazi za nazi na maandazi. Alinipa kitenge wakati sina mteja hata mmoja. "Ukikiharibu umekiharibu," alisema. "Utajifunzia wapi?" Nilipomaliza alilivaa lile gauni kwenye biashara yake, na kila aliyelisifia alimwelekeza kwangu.

Mwaka jana aliugua, sikumwona miezi kadhaa. Aliporudi alikuwa na kitenge cha bluu. Mwanawe wa mwisho alikuwa anapata kipaimara Jumapili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shona kama lile," akaonyesha gauni lake la mfano msumarini.

Niliona saa yake ya mkononi imepanda hadi karibu na kiwiko. Nilitaka kusema, mama, naona umepungua, tupime kwanza. Lakini nikajiambia si adabu kumwambia mtu mzima habari za mwili wake. Nikakata kama lile.

Jumamosi alasiri akaja kulijaribu. Alipotoka nyuma ya pazia, gauni lilimning'inia toka mabegani kama limeanikwa. Dada wa saluni ya jirani, aliyekuwa anasuka mtu pale kibarazani, akapiga makofi. "He! Mama, humo ndani mmeingia wangapi?"

"Wawili," mama akajibu. "Mwenzangu katoka kununua vocha."

Wote wakacheka, naye akacheka. Halafu akajitazama kwenye kioo, akakamata kitambaa cha kiunoni kwa mikono miwili, na kicheko chake kikakatika. Akakaa kwenye kigoda.

"Basi. Kesho nitabaki nyumbani nipike. Kanisani ataenda baba yake."

"Mama, nisamehe, nilikuwa natania," akasema dada wa saluni.

"Si wewe. Nikisimama pale mbele watanitazama mimi badala ya mtoto."

Nilikuwa nimeshika mkasi bila kazi. Nikauweka chini. "Kosa ni langu, mama. Niliona siku ile, nikaona haya kusema."

"Uliona nini?"

"Kwamba umepungua."

Alinitazama. "Mtaa mzima umeona. Lakini wote wananiambia nimependeza."

"Naomba nikupime."

"Wewe? Kumbe hiyo futi ya shingoni ni ya kupimia? Nilidhani ni tai."

Dada wa saluni akaficha uso kwenye kichwa cha mteja wake. Mama akasimama, akainua mikono. "Haya, pima. Ukiniogopa mimi utampima nani?"

Niliandika kifua, nikaandika kiuno, nikafuta kiuno nikaandika tena.

"Andika taratibu," alisema. "Maandazi ya leo yameisha."

Nikafumua pembeni, nikabana kulia na kushoto. Kilichobaki ndani kilikuwa kipana, nikachukua mkasi nikipunguze.

"Usikate hicho."

"Kitajaa kiunoni, mama."

"Kijae. Wewe bana tu, kitambaa kiache ndani, nitakihitaji."

Nikaelewa. Nikaacha kitambaa cha upana wa vidole vitatu kila upande, nikashona kwa mishono mirefu inayofumuka bila kuchana kitambaa. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa amelivaa. Alijigeuza mara mbili mbele ya kioo, akaondoka bila kulivua.

Jumatatu alinionyesha picha kwenye simu. Amesimama mbele, mkono begani kwa mwanawe.

Siku hizi napima kila mtu. Wanawake wengine hawapendi kuguswa, hao nawapa futi wajizungushie wenyewe, mimi nasoma. Nachelewa kuandika, na katika kuchelewa huko wananieleza mambo: mtu amejifungua, mtu kafiwa, mtu hana hamu ya kula. Magauni ya mfano nimewarudishia wenyewe. La mama peke yake liko msumarini. Alikataa kulichukua. "Liache hapo. Nitalifuata."

Wiki iliyopita alikuja na lile la bluu, hata kukaa hakukaa.

"Linanibana," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo.

Nikachukua wembe, nikafumua mshono taratibu. Kitambaa cha upana wa kidole kimoja kimetoka kila upande. Vidole viwili bado vipo ndani.