Baba, Mama na Faida ya Kampuni ya Simu

Baba yangu ana hisa chache za kampuni ya simu. Alizinunua zamani, wananchi walipohimizwa wanunue, na tangu siku hiyo akizungumzia kampuni ile husema "sisi". Mama hana hisa. Ana simu tu, na biashara ya parachichi inayoendeshwa kwa hiyo simu. Kwa hiyo redio inapotangaza faida ya kampuni, nyumbani kwetu Kathiani mmoja hutabasamu na mwingine huguna.

"Tumefanya vizuri sana mwaka huu," Baba alisema siku moja.

"Mmefanya vizuri na kredo ya simu yangu," Mama akajibu, akiendelea kuchambua kunde. "Juzi bando imekufa na sijaimaliza. Imeenda wapi? Si hiyo faida!"

"Mama watoto, kampuni isiyo na faida haiwezi kujenga busta za mtandao."

"Na yetu iko wapi?"

Baba akaongeza sauti ya redio. Kwetu mtandao hushika mahali pamoja tu, kando ya zizi la ng'ombe.

Mwaka huo mkutano wa wenye hisa ulifanyika kwa simu. Nilitoka Mumbuni, ninakoishi, nikaenda kumsaidia Baba kuingia. Nilimkuta amevaa suti na tai.

"Baba, hawatakuona."

"Nitajiona mwenyewe."

Tukaweka kiti zizini. Mwenyekiti alitusalimu vizuri, kisha picha yake ikaganda mdomo wazi. Aliporudi, alikuwa ameshafika kwenye faida. Baba aliinamia simu asikie vizuri, na papo hapo bando yake ikaisha.

Mama alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akafuta machozi, akampa Baba simu yake.

"Shika, mzee. Mteja amekusaidia. Lakini utaniulizia swali langu."

Baba alikuwa na swali lake kuhusu gawio. Akaliacha. Akaandika la Mama kwa kidole kimoja: kwa nini bando hufa kabla ya kuisha, na busta ya kwetu itajengwa lini. Baada ya muda tukasikia likisomwa, "mwenye hisa wetu wa Kathiani anauliza," na Baba akasimama wima, akaweka tai sawa. Jibu lilikuwa refu. Ng'ombe naye akaingiza lake katikati.

"Wamesema ndiyo ama hapana?" Mama akauliza.

"Wamesema wanashukuru."

Mama alikasirika. Wiki iliyofuata alishuka Machakos mjini, akanunua laini ya kampuni nyingine, ndogo, ambayo bei yake ilikuwa ya chini sana. Alinipigia akiwa sokoni, akaongea nami mpaka nikachoka, akiitukana faida ya Baba kwa raha zake. Alipofika nyumbani simu ikawa kimya, hata pale zizini. Mnunuzi wake alimtafuta asimpate, akachukua parachichi za jirani. Za Mama ziliiva zote kwa pamoja. Tulikula parachichi asubuhi, mchana na jioni, na zilizobaki akapewa ng'ombe.

Alirudi dukani kulalamika. Msichana wa pale akamjibu kwa upole, "Mama, huko milimani bado hatujafika. Hatujapata pesa ya kujenga."

Akarudisha laini ya zamani. "Usimwambie mzee," akaniomba. Mzee alikuwa anajua. Nilimwona akienda zizini "kupiga simu", mabega yakitikisika kwa kicheko, na simu yake iko mezani.

Watu huniuliza, kwa kuwa nimesoma kidogo, kama faida kubwa za kampuni hizi zinamfaa mteja au zinamuumiza. Ningependa kuwa na jibu. Namkumbuka msichana wa duka lile, halafu naikumbuka ile bando ya Mama, na ninabaki hapo hapo.

Gawio lilipoingia, Mama alidai fungu lake kama mteja. Baba alikubali, ila akataka kumtumia kwa simu, ingawa walikuwa wamekaa benchi moja. Wakaenda zizini. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ulipoingia kwa simu ya Baba, Mama alichukua simu akausoma kwa sauti, pamoja na ada iliyokatwa.

"Hiyo si kitu," Baba akasema. "Mwaka ujao itarudi kwa gawio."

"Itarudi yote?"

Baba akauliza kama kuna chai.