Siku Korali Ilipoimba Dawa ya Tonton Anselme

Niseme aibu yangu mapema, ndugu zangu, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine: mwaka ule wa vita, watu wote wa Bunia walipokuwa wananyang'anywa vitu na wenye bunduki, Tonton Anselme peke yake alinyang'anywa na mtoto wa dada yake, yaani mimi, na silaha niliyotumia ilikuwa shairi.

Tonton alikuwa ndugu ya mama yangu. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi upande wa Nyankunde, mpaka barabara ilipogeuka ya mauti, akatufikia mtaani kwetu Rwambuzi kwa miguu akiwa na kofia yake ya kijivu, kipimo cha tansio, yaani presha ya damu, na daftari tatu zilizofungwa kwa kitambaa cha mkewe. Mkewe mwenyewe, Mama Furaha, alikuwa amekufa kabla ya vita. Siku moja alikuwa anapepeta maharagi uani, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, akaanguka juu ya ungo, na Tonton aliyekuwa amewahudumia watu wa nchi nzima hakuwahi kumfanyia lolote. Tangu siku hiyo alianza kuandika: kila mgonjwa wa tansio, anakunywa nini, saa ngapi, nani ameanguka, nani bado anatembea. Aliandika miaka tisa. Kutoka katika daftari zile ikatokea njia moja: robo tu ya kidonge kidogo cheupe ambacho kila famasi ya mji ilikuwa nacho, asubuhi na jioni, pamoja na kikombe cha majani ya mti fulani (mti wenyewe sitautaja, mji mzima unaujua, lakini mimi siutaji tena, nimejifunza). Wagonjwa wake hawakuwa wanaanguka. Hata wachimba dhahabu wa migodi ya Kilo, watu wa nyama ya chumvi na pombe kali, walikuwa wanateremka kumtafuta.

Mtengeneza dawa mmoja ng'ambo ya ziwa akamwandikia barua: lete breve, ile hati inayosema uvumbuzi huu ni wako, nasi tutaijaribu dawa yako na kuitengeneza, na boksi lake litaitwa jina utakalotaka. Bila breve, hakuna. Tonton alisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikachanika. Kwenye jalada la daftari ya tatu alichora boksi dogo, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: FURAHA. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Hakuwa na picha ya mkewe hata moja, picha zote zilibaki katika nyumba yake iliyochomwa kule Nyankunde.

Na bahati mbaya, katika familia nzima aliyejua kupiga mashine ya kuandika nilikuwa mimi.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kila Jumapili mchana tulikutana vijana saba katika chumba cha nyuma ya paroisi (parokia yetu), tukisomeana mashairi na vipande vya riwaya ambazo hakuna aliyezimaliza, huku risasi zikilia kwenye vilima, nasi tukijifanya hatuzisikii kwa sababu mwandishi wa kweli (tuliamini) hakatizwi. Dosie ya Tonton, zile karatasi za kuombea breve, niliipiga kwa mashine ya paroisi. Ilikuwa na lugha kavu ambayo sijapata kuiona: "Njia ya kupunguza hatari ya maradhi ya moyo na mishipa, ambapo mgonjwa anapewa robo ya kidonge..." Moyo wangu ulikataa. Mtu ameandika miaka tisa kwa sababu ya mwanamke aliyeangukia ungo, na mimi nipige maneno kama ya kununua misumari?

Tonton alikuwa ameniambia wazi: "Weye mutoto, hii mambo usiiseme kwa mutu hata moya mbele ya breve kutoka. Unasikia?"

"Ninasikia, Tonton."

Na nilisikia kweli. Ila nilidhani shairi si kusema.

Basi niliandika beti nne, zenye robo ya asubuhi, robo ya jioni kuku wakiingia ndani, majani yanayochemka, na damu inayotembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda kuzimu. Jumapili ile niliposoma, wenzangu wakapiga meza. Mmoja wao alikuwa anaimba katika korali, kwaya ya paroisi, akaniomba nakala, nikampa (nani anamnyima msomaji nakala?), naye akampelekea Mama Albertine, kiongozi wa korali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na Mama Albertine akalitia muziki, likawa wimbo. Kabla ya Pasaka tayari waliuimba. Wamama wauza sombe, majani ya muhogo, waliuimba sokoni. Niliusikia nikipita, na nilitembea polepole ili niusikie hadi mwisho, mjinga mimi, nimevimba kwa majivuno. Tonton hakuusikia, maana alisali kanisa lingine, kule kwao wanaimba za kwao, na mji wenyewe hakuutembelea.

Dosie ikachelewa. Wiki mbili hatukuweza kutoka kwa sababu ya mapigano, kisha utepe wa mashine ukaisha, na nilipoifikisha ofisini na kugongewa muhuri, Pasaka ilikuwa imepita kwa wiki tatu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya wakubwa walioshika mji siku zile (walibadilika mara nyingi, sijisumbui kuwataja), ambao walitaka waonekane kama serikali, wakafungua hata ofisi ya uvumbuzi. Wakamweka humo Metre Gaspard (Metre ndivyo wanasheria wanavyoitwa kwetu), aliyesomea mambo hayo Kinshasa na kunaswa na vita huku kwetu. Wao walitaka mchezo, yeye akafanya kazi. Alisema dosie itakaguliwa mbele ya watu wote, katika sali ya paroisi, ule ukumbi wa mikutano, ili mwenye kupinga apinge.

Nami, ili Tonton asikae peke yake kama mtu mwenye kesi, nikaenda kuialika korali. Ndiyo. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Walikuja wamevaa vitambaa vyao vya sikukuu. Tonton alikaa mbele, kofia juu ya magoti, daftari tatu juu ya kofia. Metre Gaspard alivaa miwani.

"Tunaangalia mambo tatu," alisema. "Hii kitu iko mupya? Iko na akili ndani, ao kila muganga angeiwaza? Inaweza kutumika? Mimi siko muganga, kwa hiyo tunaanza na upya. Papa Anselme, mbele ya dosie kuingia, kuko mutu wa inje aliyejua hii njia? Ilisemwa fasi yoyote, pahali popote, iliandikwa, ilionyeshwa?"

Tonton alinigeukia, maana msemaji wake nilikuwa mimi. Nikasimama, nikavuta shati.

"Hata mutu moya, Metre. Iko siri ya familia."

(Naapa kwamba hata wakati huo sikuwa nimeunganisha mambo. Shairi kwangu lilikuwa upande mmoja wa maisha, dosie upande mwingine.)

"Basi ninasoma, na mwenye kupinga aseme." Akainua karatasi. "'Njia ambapo mgonjwa anapewa robo ya kidonge asubuhi...'"

Na kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, kama mama anavyomalizia neno la mtoto, ikaja: "...robo jioni, kuku wakiingia ndani."

Metre akanyanyua macho. Mama Albertine akaelewa kwamba ameitwa. Akasimama, akainua mkono, korali nzima ikasimama naye, na wakaanza ubeti wa kwanza kwa sauti tatu. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka kama mlango uliopigwa teke. Nikapunga mikono kuwazuia, wao wakadhani ninawaongoza, wakapandisha sauti, nikapunga zaidi, wakaongeza makofi, na sali yote, watu ambao sikuwahi kuwaona, wachuuzi, mapolisi wawili wa mlangoni, wakaimba beti zote nne, mti ukiwa umetajwa kwa jina lake, pamoja na idadi ya majani. Walipomaliza walishangilia.

Metre Gaspard alingoja makofi yaishe.

"Mama, hii wimbo mulijifunza wakati gani?"

"Mbele ya Pasaka, Metre!" Mama Albertine alicheka kwa furaha. "Unauliza nini? Weye mwenyewe uliimba na siye, ulikaa benchi ya pili! Na bibi yako iko anakunywa ile majani kila siku, njo maana hakusumbui tena na kizunguzungu yake!"

Watu wakaangua kicheko. Metre alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ni kweli," alisema. "Niliimba."

Akafungua dosie kwenye ukurasa wenye muhuri, akautazama muda mrefu, kama anatafuta tarehe nyingine chini yake.

"Papa Anselme, unisamehe. Sheria inasema, kitu chenye watu banakijua mbele ya dosie, hakiko kipya tena. Na shahidi wa kwanza ni mimi. Dawa yako iko muzuri. Lakini haiko mupya." Kisha akauliza, kwa upole tu: "Nani aliandika hii wimbo?"

"Ni huyu mutoto wetu!" Mama Albertine akaninyooshea kidole, uso unang'aa. "Munamuona? Ni mwandishi!"

Na sali ikanipigia makofi. Nimesoma mbele za watu mara nyingi baada ya siku ile, na sijapata tena makofi makubwa kama hayo.

Tonton alisimama. Nilifikiri atanipiga, na ningeshukuru. Yeye akaitazama korali.

"Mama, mu ubeti ya tatu munasema nusu."

"Ndiyo, papa. Nusu inaingia muzuri mu sauti."

"Hapana. Robo. Nusu inaangusha mutu. Muimbe robo."

Wakaimba ubeti wa tatu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Tena," wakaimba tena, robo, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia, akatoka.

Tukashika njia ya kurudi Rwambuzi. Tulipita kizuizi cha vijana wenye bunduki, wakafungua daftari zake kutafuta dhahabu, wakamrudishia. Karibu na nyumba akasimama.

"Ile wimbo ni muzuri," alisema. "Lakini nilisikia beti zote. Furaha hayuko ndani?"

Alikuwemo. Nyinyi ndio watu wa kwanza kuambiwa hivi. Katika maandishi ya kwanza Mama Furaha alikuwemo, katika mstari wa mwisho, na mimi ndiye niliyemtoa.

"Mustari ulikuwa murefu, Tonton," nikasema. "Jina lilikuwa linauharibu."

"Aa," alisema. Kisha, kama mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hatakinunua: "Ulikuwa murefu sana?"

"Silabi tatu."

Alihesabu kwa vidole. Fu-ra-ha. Akaingia ndani.

Majuma machache baadaye vita viliingia mitaani mwetu, tukakimbilia kambini karibu na uwanja wa ndege, familia nne chini ya turubai moja. Famasi zote zilikuwa zimevunjwa. Vidonge vyake vya mwisho Tonton alivigawa robo robo kwa wazee wa turubai yetu (maana yeye pia alikuwa na tansio, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi kutuambia), na siku ya kumi na mbili, asubuhi, akiwa kwenye foleni ya maji, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande. Bidoni lake lilipita mkono kwa mkono mpaka mbele, likajazwa, likarudi. Mwenyewe alikuwa ameshakata roho. Tulimzika na daftari ya tatu. Mama yangu ndiye aliyeamua, na hakuniuliza.

Jioni ile Mama Albertine alikuja na wamama wa korali waliobaki. Waliimba kandokando ya turubai letu wimbo wa robo, ubeti wa tatu ukiwa sahihi kama alivyoufundisha. Walipomaliza nikamwomba: tafadhali, mstari wa mwisho, tutie jina la mke wa Tonton. Nikamwimbia namna ninavyotaka. Alijaribu, naapa alijaribu kwa moyo wote, mara tatu, nne, na wamama wakijaribu nyuma yake, na kila mara waligongana hapo kwenye jina, mmoja akiwahi, mwingine akichelewa.

"Mwana," alisema mwishoni, akinishika bega, "inakataa. Watu banaizoea vile iko."

Mpaka leo unaimbwa vile. Nimeusikia kwa watu ambao hawajawahi kufika Bunia, na hakuna anayejua kwamba ulikuwa wa mtu, wala kwamba mtu huyo alitaka boksi moja dogo lenye jina.

Mimi nimeapa mambo mawili. La kwanza, kitu cha mtu hakitatoka kinywani mwangu mpaka mwenyewe aseme toka, hata kikinichoma ulimi, hata nikikiita shairi. La pili, simtoi tena mtu kwenye mstari kwa sababu ya urefu. Lakini viapo vyangu vimechelewa kama ile dosie. Kwa hiyo asubuhi, kabla watu hawajaamka, ninauimba peke yangu nikiwa nimemrudisha Mama Furaha mahali pake, na kila siku, nikifika kwenye jina, ninakwama.